Hedhi imechelewa, eti nisafishe kizazi?

SWALI: Daktari, nina miaka 24. Siku zangu zimechelewa kwa siku 9. Nilipima mkojo siku ya pili tu baada ya kuzikosa, sikuwa na mimba. Rafiki yangu ameniletea dawa ya kusafisha kizazi, anasema damu ikikaa sana inaganda na kuziba mirija. Ninywe?

JIBU: Usinywe, dada. Kesho pima tena, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Siku ya pili ilikuwa mapema mno kama yai lilichelewa kupevuka. Ukikosa mimba na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki.

Na kwenye yai ndipo penye jibu. Hedhi huja takriban wiki 2 baada ya yai kutoka, kwa hiyo mara nyingi kilichochelewa ni yai, wala si damu. Homa kali, mawazo, kukonda ghafla, mazoezi mazito, hata vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vyote huweza kulisogeza. Hakuna pipa la damu chafu tumboni linalosubiri kuzibuliwa! Nimelisema hili hadi nimechoka. Utando wa kizazi hubanduka homoni ya projesteroni inaposhuka, na uchungu wa dawa haulazimishi hilo.

Wauzaji wanalijua soko lao. Ukinywa leo na hedhi ikaja keshokutwa, siku ambayo ingekuja tu, dawa inasifiwa. Isipokuja, unauziwa chupa ya pili.

Ikipita miezi 3 bila hedhi, nenda ukapimwe tezi ya shingo, homoni ya maziwa na ovari, hasa ukiota ndevu au chuchu zikitoa maziwa. Anayechoma sindano ya uzazi wa mpango asihangaike: utando wake umekuwa mwembamba, hauna cha kumwaga.

Ninaowahofia zaidi ni wenye mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mtu anakunywa "kisafishio", anaanza kutokwa damu, anafurahi kwamba uchafu unatoka, kumbe mrija unapasuka. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya bega: hospitali saa hiyo hiyo. Na ukifika, taja ulichokunywa, hata kama unaona haya.