Kinyonga wangu hanywi maji ya bakulini

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, ninaishi Isevya, Tabora mjini. Ninatunza kinyonga wa kijani ndani ya kizimba cha wavu, na tangu kiangazi kianze sijamwona akinywa maji niliyomwekea bakulini. Kaka yangu ananishauri nimnyweshe kwa bomba la sindano, na jirani yetu anasema nimmwagie maji mwilini mchana kutwa. Macho yake yameanza kuingia ndani. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kinyonga kwa kawaida hatambui kuwa maji yaliyotulia ni ya kunywa. Porini hulamba umande na matone ya mvua yaliyoning'inia majanini, kwani kinachomvuta ni mng'aro na mtikisiko wa tone. Ndiyo maana bakuli linaweza kukaa mbele yake wiki nzima bila kuguswa, huku maji yakichafuka.

Mwekee matawi mabichi ya mpera ambayo hayajapigwa dawa. Asubuhi jua likishachomoza, nyunyizia majani, si uso wake, kwa chupa inayotoa ukungu mwembamba, kwa dakika mbili hadi tano. Watu wengi hubonyeza chupa mara tatu nne wakaondoka, ilhali kinyonga huhitaji muda kabla ya kuanza kunywa: jicho moja hugeukia jani, kisha husogea taratibu, hugusa tone kwa ncha ya ulimi, na ndipo koo lake huanza kupanda na kushuka. Ukiona koo linacheza hivyo, simama mbali umwache anywe. Rudia jioni kabla jua halijazama. Katika kiangazi cha Tabora, hewa inapokuwa kavu mno, ninapendekeza pia utundike juu ya kizimba kikopo cha plastiki kilichotobolewa kwa sindano, kidondoshe tone moja moja juu ya majani, na chini yake uweke chombo cha kukinga.

Baada ya hapo majani yaachwe yakauke kabisa. Kizimba kinachoshinda kimelowa huota kuvu, na mnyama anayelala na unyevu katika usiku wa baridi wa Juni na Julai huweza kupata nimonia. Kwa sababu hiyo wavu ulionao ni bora kuliko sanduku la kioo, maana hewa hupita.

Maji yawe safi na ya uvuguvugu wa kawaida, wala yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Na chupa hiyo, tafadhali, iwe mpya. Katika mkoa unaolima tumbaku, chupa na mabomba ya dawa za shambani yamo katika nyumba nyingi, na kusuuza mara moja hakutoshi kuondoa sumu ambayo kinyonga atailamba pamoja na tone.

Kuhusu bomba la sindano, tundu la njia ya hewa la kinyonga liko kwenye sakafu ya mdomo, karibu kabisa na ulimi, hivyo maji yanayosukumwa kwa nguvu huingia mapafuni kwa urahisi. Kazi hiyo mwachie mtaalamu. Wewe unaweza kumsaidia kwa kuwalisha mchicha panzi wake kabla hujampa, kwa kuwa maji mengine huyapata tumboni mwa wadudu hao.

Kagua kinyesi chake. Ile sehemu ngumu inayopaswa kuwa nyeupe ikigeuka ya manjano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, amepungukiwa maji. Macho kuingia ndani nako ni dalili nzito, hasa akiyafumba mchana. Kwa hali uliyoieleza, anza kunyunyizia leo na umpeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri bila kuchelewa, pamoja na kinyesi kibichi ndani ya karatasi safi. Akiachama mdomo huku akitoa ute, mpeleke saa hiyo hiyo.

Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo, kwani reptilia hubeba bakteria wa salmonela. Tena, kinyonga ni mnyamapori, na kumtunza nyumbani kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama huna, mwombe mzazi wako mwende pamoja ofisi ya wanyamapori ya wilaya, waeleze hali yake na mfuate watakavyoelekeza.