Sensa ya oksijeni ya waya moja: naweza kufunga yenye hita?

Swali: Niko Kabale. Nina pikapu ya petroli ya mwaka 1992, ya injekta. Sensa yake ya oksijeni (ile inayopima oksijeni kwenye moshi ili kompyuta ipime mafuta) ni ya waya moja, na aliyechomelea ekzosi aliisogeza nyuma, mbali na injini. Inakula mafuta, plagi nyeusi. Nikiweka yenye hita, kompyuta ya zamani itaikubali?

Jibu: Itaikubali, ndugu yangu. Kompyuta husoma waya ya ishara tu, volti 0.1 hadi 0.9. Hita haiihusu, inajitegemea umeme wake. Mradi kiini cha sensa mpya kiwe cha zirkonia, aina inayotoa volti hizo yenyewe, kama ya zamani. Ya titania hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Kwako faida ni kubwa. Sensa hiyo haisemi kitu mpaka ifike nyuzi 300 hivi, na huko nyuma ilikosogezwa, kwa baridi ya asubuhi ya Kabale, inachelewa kupata moto, na ukisimama inapoa tena. Ingekuwa bado kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea injini, ningekwambia uache hela yako mfukoni.

Nunua ya waya nne. Ya waya moja hutegemea skrubu yake iliyoingia kwenye ekzosi kupata athi (njia ya umeme kurudi), na kutu huikata; ya waya nne ina waya yake ya athi, ifunge kwenye bloku ya injini. Usiamini rangi za waya. Bosch hutumia nyeupe mbili kwa hita na nyeusi kwa ishara, Denso hutumia nyeusi mbili kwa hita na buluu kwa ishara! Pima kwa mita: waya mbili zenye ohmu chache kati yake ndizo za hita.

Umeme wa hita usiutoe moja kwa moja kwenye betri. Nimepokea gari lililofungwa hivyo, kila asubuhi betri imekufa: ampea moja usiku kucha si mchezo. Tumia rilei (swichi ya umeme) inayowashwa na laini ya pampu ya petroli, na fyuzi yake. Waya zibane kwa viunganishi, usizichomelee risasi, kwa sababu sensa huvuta hewa safi kupitia ndani ya waya hizo.

Halafu pasha injini, ishike mizunguko 2,500, pima ishara. Volti zipande na kushuka haraka. Zikiganda chini, kagua pale palipochomelewa: tundu dogo mbele ya sensa huingiza hewa, kompyuta inadhani mafuta ni machache na kuongeza, na plagi zitabaki nyeusi hata kwa sensa mpya.