Taa za dashibodi kuwaka hovyo na baza kulia: anza na ethi

Ndugu, umesema kwenye hilo gari lako la spoti la zamani taa ya breki na ya oili zinawaka hafifu kwa pamoja, na baza inalia hata milango ikiwa imefungwa. Taa kadhaa zikivurugika kwa mpigo, mimi hushuku waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) nyuma ya dashibodi kabla ya sensa yoyote. Fungua skrubu yake, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Baza nayo, chomoa waya wa swichi ya mlango; ikinyamaza, swichi imeganda kwa kutu.

Ila taa ya oili usiipuuze hata kidogo! Pima presha kwa geji inayofungwa kwenye tundu la sensa, ikiwa sawa ndipo uendeshe. Kagua na mafuta ya breki, yakipungua taa yake huwaka kwa haki.