Mgonjwa asipoweza kumeza hostia

SWALI: Nimeteuliwa kuwa mhudumu wa Komunyo parokiani. Jumapili nitampelekea Ekaristi bibi aliyepooza, na kumeza kwake ni kwa taabu. Nifanyeje? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kwanza waulize wanaomuuguza kama anameza uji au maji. Kama anameza, mega kipande kidogo tu cha hostia, yaani mkate wa Ekaristi. Kristo yumo mzima katika kila kipande. Mpe kwenye kijiko chenye maji kidogo, akiwa ameinuliwa mgongo, maana akilala chali atapaliwa. Asipoweza kabisa, mwambie paroko: mgonjwa wa hivyo anaweza kupewa Damu ya Kristo (divai iliyowekwa wakfu) peke yake.

Akiitema, usiitupe. Iweke kwenye glasi ya maji hadi iyeyuke kabisa, kisha yamwage kwenye sakrario ya kanisa (sinki maalumu ambalo maji yake huenda moja kwa moja ardhini), kamwe si kwenye sinki la jikoni.

Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo haumbani yeye wala anayemuuguza.

Ukitoka kanisani nenda moja kwa moja. Sokoni utapita ukirudi. Meza, kitambaa cheupe na mshumaa viwe tayari. Mwishoni usimbariki kwa mkono kama padre: sema "Bwana atubariki", ukijifanyia mwenyewe ishara ya msalaba.