Maswali ya Wasomaji: Mwambao Huru Ungejihami kwa Silaha Gani?

SWALI: Bwana Mhariri, ninaandika riwaya ambamo Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, haukuunganishwa na Kenya mwaka 1963, bali ulipata uhuru wake kama nchi ndogo yenye makao makuu Mombasa. Jeshi lake nimelipa vifaru 40, ndege za kivita 12 na manowari mbili. Rafiki yangu aliyeusoma muswada anasema jeshi hilo haliaminiki hata kidogo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nchi hiyo ingenunua nini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Rafiki yako amesema kweli, ingawa wazo lako lenyewe lina msingi imara. Ukanda huo ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, na swali la hatima yake lilikuwa swali la kweli lililogombaniwa katika mikutano na magazeti ya mji huu wa Mombasa. Sir James Robertson, kamishna aliyeteuliwa kulichunguza swali hilo, alipendekeza mwaka 1961 uunganishwe na Kenya, na tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini. Basi riwaya yako ichepuke kutoka historia kabla ya saini hiyo, kisha kila kitu kingine kifuate hali ya nchi jinsi ilivyokuwa siku ile.

Anza na ramani, kwa maana ramani ndiyo itakayokukataza vifaru. Ukanda ulikuwa na upana wa maili 10 za baharini, yaani kilomita 18 na nusu hivi, na ulienea kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Nchi nyembamba namna hiyo haina mahali pa kurudi nyuma. Mzinga wa Kiingereza wa ratili 25 (uzito wa kombora lake), ambao ulikuwa silaha ya kawaida katika majeshi mengi ya wakati huo, ulifikisha makombora yake kilomita 12, kwa hiyo adui aliyeuweka mpakani angeweza kupiga zaidi ya nusu ya upana wa nchi nzima bila kuvuka mpaka. Kifaru cha Centurion nacho kina uzito wa tani 50 hivi. Kutoka kisiwani kwenda Nyali wakati huo kulikuwa na daraja la kuelea, na kwenu Likoni kulikuwa na kivuko, hivyo vifaru vyako vyote vingebaki kisiwani, au vingetoka kwa njia ya Makupa peke yake, ambako kila mtu angejua pa kuvisubiri.

Kuna jambo zito zaidi ya vifaru, nalo ni maji. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 huleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, umbali unaozidi kilomita 200, na karibu urefu wake wote ungekuwa ndani ya nchi nyingine. Serikali ya bara ingeweza kuushinda mji huu bila kufyatua risasi. Ningekusihi waziri wako wa ulinzi, kabla hajaagiza bunduki hata moja, atumie fedha zake za kwanza kuongeza maji ya Marere, ambayo hutoka katika milima ya Shimba, na kujenga matangi ya akiba kisiwani. Ngome ya Yesu ya Wareno hapa Mombasa ilikuwa na kuta na mizinga, lakini ilipozingirwa kuanzia 1696 hadi Desemba 1698, maradhi na upungufu wa chakula vilifanya kazi kubwa kuliko mizinga ya Waomani. Nchi yako ina kinga moja tu dhidi ya tishio hilo, na ni kinga kubwa: Kenya na Uganda zingehitaji reli na bandari ya Kilindini, na mafuta ya kiwanda cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963. Kila upande ungekuwa umeushika mwingine pabaya, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha riwaya yako, kuliko katika mapigano yoyote utakayoyabuni.

Sasa askari. Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, iliwaandikisha zaidi watu wa bara, hasa Wakamba na Wakalenjin, na watu wa pwani ndani yake walikuwa wachache. Serikali ya Mwambao ingelazimika kuchagua kati ya kuajiri askari wazoefu ambao kwao ni nchi ya pili, na kuanza na vijana wa Kigiriama, Kidigo na Kiswahili wasiowahi kushika bunduki. Mimi ningechagua vijana hao, tena ningewapa Wamijikenda vyeo vya uofisa tangu siku ya kwanza. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, aliweza kuwasumbua kwa miezi mingi kwa sababu alikuwa na misitu na watu wa nyuma ya pwani. Serikali itakayowaona watu hao kama wageni haitakuwa na nchi ya kulinda.

Hatari ya haraka isingetoka nje. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Zanzibar, yenye uhuru wa mwezi mmoja tu na isiyo na jeshi, iliangushwa na watu waliokuwa na silaha chache mno, ambao walivamia kwanza maghala ya silaha ya polisi ya Ziwani na Mtoni. Serikali hiyo ilikuwa imewaondoa kazini polisi wengi wenye asili ya bara, na wengine miongoni mwao waliyajua maghala hayo vizuri. Siku chache baadaye askari waliasi Tanganyika tarehe 20, Uganda tarehe 23, na Kenya, katika kambi ya Lanet, tarehe 24, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kwa hiyo silaha zigawanywe katika maghala zaidi ya moja, risasi zilindwe mbali na bunduki, funguo zisishikwe na mtu mmoja, na mshahara wa askari usicheleweshwe hata kwa siku moja. Usisahau pia kwamba Sultani Jamshid wa Zanzibar, alipokimbia kwa meli, alifika Mombasa akanyimwa ruhusa ya kushuka. Katika riwaya yako meli hiyo ingeingia kwenye bandari ya nchi gani, na askari waliopo gatini wangempigia saluti au wangempiga risasi?

Ukishayapanga hayo, ununuzi wenyewe ni mfupi: batalioni moja ya askari 700 hivi, bunduki za Lee-Enfield ambazo Waingereza walikuwa wakizibadilisha tangu 1954 na hivyo zingepatikana kwa bei nafuu, bunduki za rashasha za Bren, mizinga midogo ya kombora, magari machache ya deraya aina ya Ferret, na Land Rover na malori ya Bedford ambayo mafundi wa karakana za reli na bandari wangeyatengeneza bila kumngoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Ndege za kivita zifute. Ndege ndogo za Beaver, zinazoruka na kutua katika uwanja mfupi, zingetosha kufika Malindi na Lamu na kuangalia mpaka.

SWALI: Nimesikia kuhusu riwaya ya mwenzangu wa Likoni. Je, nchi kama hiyo isingekuwa na jeshi kubwa la majini, kwa vile sisi ni watu wa bahari?
Msomaji, Lamu

JIBU: Ingekuwa na jeshi zuri la majini, lakini la boti na si la manowari. Jeshi la majini la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake hapa Mombasa, lilivunjwa mwaka 1962, kwa hiyo mwaka uliofuata walikuwapo mjini mabaharia na mafundi waliofunzwa, na serikali yenye akili ingewaajiri mara moja. Kenya yenyewe ilipounda jeshi lake la majini mwezi Desemba 1964, ilianza na boti moja ya Kiingereza iliyokwisha kutumika, Nyati, na mwaka 1966 ikapokea Simba, Chui na Ndovu, boti mpya za mita 31 hivi zenye mizinga miwili ya Bofors ya milimita 40 kila moja. Kiasi hicho kingeifaa Mwambao. Kwa mikondo ya Lamu, Siyu na Pate, ambako maji ya kupwa huacha matope matupu, boti hizo zisingepita, na hapo ningeweka mashua za injini zinazoongozwa na manahodha wa huko huko.

SWALI: Je, nani angewauzia silaha hizo? Waingereza wasingekuwa na sababu ya kuwakasirisha Wakenya.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hoja yako ni nzito. Uingereza ingeuza kidogo na kwa masharti, na hapo wangetokea wafadhili wengine wenye zawadi. Mwezi Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha kwa ajili ya Kenya, pamoja na wakufunzi wake, na Mzee Kenyatta akazikataa akisema ni za zamani. Mwandishi wa Likoni anaweza kuileta meli hiyo hiyo kwa serikali yake ndogo isiyo na fedha. Baraza la mawaziri lingekesha likijadili siasa, lakini swali la kwanza la mkuu wa ghala lingekuwa kipimo cha risasi, kwa sababu za Kisovieti haziingii katika Lee-Enfield, na batalioni yenye aina mbili za bunduki huhitaji akiba mbili, mafundi wa aina mbili, na karani makini sana wa kuhakikisha kwamba sanduku linalofunguliwa Vanga usiku ndilo linalohitajika Vanga.