Kabla hujaukata mti wa avoka, tafuta nyuki wake

Miaka mitatu mti wangu wa avoka hapa Bagira, Bukavu, ulinitia hasira. Maua tele, mpaka majani hayaonekani. Ukija kuhesabu matunda: kumi na moja. Nikatoa shoka. Jirani yangu, mama anayelima upande wa Kabare, akaniuliza, "Baba, nyuki wako wapi?"

Nilikuwa nimewaua mwenyewe. Niliona viwavi, nikapiga dawa saa tatu asubuhi mti ukiwa umechanua. Kesho yake nyuki walikuwa wametapakaa chini.

Ua la avoka lina vituko. Hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike: linapokea chavua, ule unga wa ua, lenyewe halitoi. Linajifunga, kisha siku ya pili linafunguka likiwa dume, linamwaga chavua. Avoka aina ya Hass huwa jike asubuhi, na dume alasiri ya kesho yake. Aina ya Fuerte ni kinyume: jike alasiri, dume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo saa ile Hass inangoja, Fuerte ndiyo inatoa. Upepo hausaidii sana, maana chavua yenyewe inanata. Nyuki ndiye mchukuzi: anakuja kunyonya nekta, chavua inashika manyoya yake, na katika safari moja hupenda kubaki na maua ya mmea mmoja, kama avoka, bila kurukia mimea mingine.

Wewe simama chini ya mti wako asubuhi, urudi alasiri. Ukiona kijiti kimoja cheupe kimesimama katikati ya ua, hilo ni jike. Ukiona vijiti vingi vya manjano vimesimama, ni dume.

Mimi sipigi dawa tena wakati wa maua, hata jioni, kwa sababu dawa nyingine hubaki kwenye ua mpaka asubuhi. Viwavi nawatoa kwa mkono. Kazi ya kuchosha, lakini mti wenyewe ni mmoja. Nimepanda pia mche uliobebeshwa wa aina ya pili, ili ua la mmoja likingoja, la mwingine litoe. Mzinga sikuweka: nyuki wetu ni wakali, na parseli za hapa zimebanana. Ila magugu yenye maua kando ya uzio siyafyeki yote. Yanawalisha nyuki wakati avoka haina maua.

Usitarajie kila ua liwe tunda. Hata nyuki wakijaa, katika maua mia ni bahati kupata tunda moja. Wiki ya mvua hawatoki sana, na hapo huna la kufanya. Msimu uliopita nilijaza mifuko miwili.

Shoka aliliazima mama yule siku ile ile. Mpaka leo hajarudisha.