Goku katoka wapi, na Dragon Ball ni manga ya aina gani

Mkuu uliyesema Goku, yule shujaa wa manga (katuni za Kijapani) ya Dragon Ball, kaigwa kwa Superman, hapana, hajaanzia huko. Mchoraji wake Akira Toriyama alipoianza Dragon Ball 1984 kwenye Weekly Shonen Jump, jarida la manga la Japani, alichukua hadithi ya zamani ya Wachina, Safari ya Magharibi, ile ya mfalme nyani Sun Wukong, ndo maana dogo Goku ana mkia, ana fimbo inayorefuka akiiambia na anapanda wingu, na hata yule nguruwe Oolong katokea humohumo. Mambo ya Goku kutoka sayari nyingine kama Superman yamekuja baadaye sana.

Kuhusu aina, mwanzoni ilikuwa safari na vichekesho tu, ngumi zimeshika kasi yalipoanza mashindano ya kupigana (mi bado naipenda ile ya mwanzo, mnisamehe). Halafu shonen, jina ambalo Dragon Ball inaitwa, sio aina ya stori jamani, ni jarida linamlenga nani, yaani wavulana wanaobalehe. Manga ya Death Note na giza lake lote ilitoka Jump hiyohiyo kuanzia 2003, kwa hiyo nayo ni shonen, ila manga ya Berserk ni seinen, yaani ya wakubwa, usimwachie mdogo wako.